Namba ya Dawa Kwenye Damu Si Kipimo cha Kinga

Wagonjwa waliopandikizwa figo huzijua namba zao kwa kichwa: kreatinini (taka ya mwili inayopanda kwenye damu figo inaposhindwa kazi) ni ngapi, shinikizo la damu ni ngapi, na kiwango cha takrolimasi, dawa inayoshusha kinga ili figo isikataliwe, kwenye damu ni ngapi. Mimi ni mfamasia katika kliniki ya wagonjwa hao, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuitazama hiyo namba ya tatu na kumshauri daktari kama dozi ipandishwe, ishushwe au iachwe ilivyo. Ningependa kueleza kwa nini siiamini namba hiyo kwa kiasi ambacho wagonjwa wengi huiamini, na kwa nini mazungumzo yoyote kuhusu tiba inayomfaa mtu mmoja mmoja yanapaswa kuanzia kwenye udhaifu wa namba hiyo.

Kuna hali ambayo kila anayefanya kazi hii ameishuhudia. Wagonjwa wawili wanafika kliniki, kila mmoja akiwa na takrolimasi ya nanogramu 7 kwa mililita, kiwango ambacho miezi kadhaa baada ya upandikizaji vituo vingi hukiona kizuri. Mmoja, kreatinini yake inapanda kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia figo. Mwingine, virusi vya BK, vinavyoweza kuidhuru figo iliyopandikizwa, vimeanza kuonekana kwenye damu yake, jambo ambalo kwa kawaida hutokea pale kinga iliposhushwa kupita kiasi. Wa kwanza anahitaji dawa zaidi na wa pili anahitaji dawa pungufu, ilhali karatasi zao za maabara zinasema jambo lile lile. Maabara haikukosea. Ilipima dawa iliyomo kwenye damu, wala hakuna aliyeiomba ipime kinga.

Inafaa kukumbuka kwamba fani hii ilianza kwa kuipima kinga yenyewe. Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston nchini Marekani, Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya Ronald Herrick na kumpandikizia ndugu yake Richard, na huo ndio upandikizaji wa figo unaohesabiwa kuwa wa kwanza kufanikiwa kwa muda mrefu. Ndugu hao walikuwa mapacha wa kufanana, lakini madaktari hawakuridhika na sura. Kabla ya upasuaji walihamisha kipande cha ngozi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake, wakangoja waone kama mwili utakikubali. Ngozi ilishika, figo nayo ikashika, na Richard aliishi miaka minane zaidi. Kila dawa ya kushusha kinga iliyofuata, kuanzia azathioprini na prednisoloni katika miaka ya 1960, siklosporini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983, hadi takrolimasi iliyogunduliwa mwaka 1984 katika bakteria wa udongo wa Tsukuba nchini Japani, ilikuwa jitihada ya kuwapa watu wasiokuwa na pacha kile ambacho Richard Herrick alizaliwa nacho.

Jitihada hiyo ilifanikiwa sana, na mafanikio yake ndiyo yaliyotuletea mazoea ya kumtibu kila mtu kwa mpango mmoja. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007, lililohusisha wagonjwa 1,645 na kujulikana kwa jina la Symphony, lilionyesha kwamba takrolimasi kwa dozi ndogo, pamoja na mikofenoleti (dawa nyingine ya kushusha kinga) na prednisoloni, ilitoa matokeo mazuri kuliko mipango mingine mitatu iliyolinganishwa nayo. Tangu hapo mpango huo umekuwa ndio wa kawaida katika sehemu kubwa ya dunia. Sina ugomvi nao. Ningeulizwa mpango wa kumwanzishia mgonjwa nisiyemjua kabisa, ningeutaja huo. Tatizo ni kwamba baada ya wiki mbili mgonjwa si mtu nisiyemjua tena, na bado mara nyingi tunaendelea kumtibu kana kwamba simjui.

Takrolimasi yenyewe ni dawa isiyo na nafasi kubwa kati ya kidogo mno na nyingi mno. Ikipungua, figo inakataliwa. Ikizidi, dawa ile ile inayoilinda figo inaanza kuidhuru, mikono inatetemeka, sukari ya damu inapanda, na maambukizi yanapata mlango. Dozi ya kuanzia hukokotolewa kwa uzito wa mwili, lakini uzito unaeleza sehemu ndogo sana ya tofauti kati ya mtu na mtu. Sehemu kubwa zaidi inaelezwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A5, kinachopatikana kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo, na ambacho huivunja takrolimasi kabla haijafanya kazi iliyokusudiwa. Aliyerithi walau nakala moja ya jeni inayotengeneza kimeng'enya hicho kikamilifu huhitaji dozi ya mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile inayomtosha asiyekuwa nayo. Watu wengi wenye asili ya Afrika wanayo. Watu wengi wenye asili ya Ulaya hawana. Kwa hiyo kanuni ya dozi inayotazama uzito peke yake humpunja mtu wa kundi la kwanza katika siku zile zile ambazo hatari ya figo kukataliwa ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Jambo hilo linajulikana kwa muda mrefu, na mwaka 2015 ulichapishwa mwongozo wa kimataifa unaoeleza namna ya kurekebisha dozi kwa kufuata jeni hiyo pale majibu yake yanapokuwa tayari mkononi. Hata hivyo ninapoulizwa kama kipimo hicho kinaokoa figo, najibu kwa tahadhari. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2010, likiwa na wagonjwa 280, lilionyesha kwamba waliopangiwa dozi kwa kutazama jeni walifika kwenye kiwango kilichokusudiwa mapema zaidi na kwa marekebisho machache zaidi ya dozi, lakini figo zilizokataliwa hazikupungua. Sababu moja ni kwamba wale wengine nao walipimwa damu mara kwa mara na dozi zao zikarekebishwa, hata wakafika. Kipimo cha jeni hutufupishia safari. Mahali ambapo damu haipimwi mara kwa mara, au majibu huchukua siku nyingi kurudi, ufupisho huo una thamani kubwa kuliko pale ambapo mgonjwa hupimwa kila baada ya siku mbili, na nadhani hoja hiyo haisemwi vya kutosha. Lakini jeni nayo inaeleza jinsi mwili unavyoishughulikia dawa. Kuhusu jinsi kinga inavyoishughulikia figo, haisemi lolote.

Kuna mtego mwingine ndani ya namba hii ambao wagonjwa hawaelezwi, na ambao hata baadhi ya wahudumu husahau. Sehemu kubwa ya takrolimasi iliyomo kwenye damu imejificha ndani ya chembe nyekundu, na maabara hupima damu nzima, pamoja na chembe hizo. Mgonjwa aliyetoka kupandikizwa mara nyingi ana upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa chache, dawa inayoshikiliwa nazo inapungua na namba kwenye karatasi inashuka, ingawa ile sehemu ndogo ya dawa iliyo huru, ambayo ndiyo inayoifikia kinga na ndiyo inayoidhuru figo, inaweza kuwa haijabadilika hata kidogo. Anayetazama namba bila kutazama wingi wa damu atapandisha dozi, na mikono ya mgonjwa itaanza kutetemeka wakati karatasi inasema bado hajafikia kiwango. Kwa sababu hiyo, kabla sijaandika pendekezo lolote katika wiki za mwanzo, nafungua kwanza ukurasa wa hemoglobini, kipimo kinachoonyesha upungufu wa damu.

Halafu kuna mambo ambayo hayahitaji maabara yoyote ila maswali. Ulimeza dawa jana saa ngapi, na leo damu ilitolewa saa ngapi? Kipimo hiki kina maana pale tu damu inapotolewa kabla ya dozi ya asubuhi, yapata muda wa saa kumi na mbili tangu dozi ya jioni. Aliyemeza vidonge nyumbani kisha akaja kutoa damu ataonekana kama amelishwa sumu. Umeharisha? Wengi hudhani kuharisha hutoa dawa mwilini, ilhali kwa takrolimasi mara nyingi kinyume chake ndicho hutokea: ukuta wa utumbo ulioumia hupoteza uwezo wa kuivunja dawa, na kiwango kinapanda badala ya kushuka. Umeandikiwa dawa gani nyingine? Rifampisini ya kifua kikuu huishusha takrolimasi kiasi kwamba dozi inaweza kuhitaji kuongezwa mara kadhaa. Klarithromaisini, flukonazoli na dawa za VVU zenye ritonavia huipandisha, na hiyo ya mwisho huipandisha mno hata mgonjwa akahitaji dozi ndogo sana, tena kwa kuruka siku. Balungi nalo huipandisha. Mgonjwa anayetumia azathioprini akipewa alopurinoli kwa ajili ya jongo bila dozi kupunguzwa, uboho wa mifupa yake unaweza kushindwa kutengeneza chembe za damu. Maswali haya yanachukua dakika tano, na sijui kipimo cha gharama kubwa kinachonipa habari nyingi hivyo kwa muda mfupi kiasi hicho.

Majibu hayo huniwezesha pia kusoma jambo ambalo namba moja haiwezi kulionyesha, nalo ni kuyumba. Mtu ambaye vipimo vyake vya miezi sita vinasomeka 6, 7, 6, 7 na mtu ambaye vyake vinasomeka 3, 11, 4, 9 wanaweza kuwa na wastani unaokaribiana, lakini tafiti nyingi zimeonyesha kwamba huyo wa pili yuko katika hatari kubwa zaidi ya kutengeneza kingamwili (protini za kinga zinazoshambulia kitu kigeni) dhidi ya figo yake na hatimaye kuipoteza. Wakati mwingine sababu ni dawa nyingine, wakati mwingine ni kumeza siku moja pamoja na chakula na siku nyingine tumbo likiwa tupu, na wakati mwingine ni kwamba dozi zinarukwa. Vijana wanaotoka kwenye kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima ndio wanaotutia wasiwasi zaidi kwa hilo la mwisho, na kuwakaripia hakujawahi kusaidia. Kwa baadhi yao, aina ya takrolimasi inayomezwa mara moja kwa siku imeleta utulivu ambao marekebisho mengi ya dozi yalishindwa kuuleta.

Kuhusu mikofenoleti nitasema machache. Wengi hupewa gramu moja mara mbili kwa siku, mkubwa na mdogo, ingawa kiasi cha dawa kinachofika kwenye damu hutofautiana sana kutoka kwa mtu hadi mtu. Majaribio ya kurekebisha dozi kwa kuipima damuni yalitoa majibu yanayopingana, na vituo vingi vikaacha. Nadhani waliacha mapema mno, hasa kwa wagonjwa wanaoharisha au wenye chembe nyeupe chache, lakini naelewa kwa nini: kipimo sahihi kinahitaji kutoa damu mara kadhaa katika saa chache, na hakuna mgonjwa anayekifurahia.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe: kinga ya mtu huyu inaiona figo hii kuwa ngeni kiasi gani? Sehemu ya jibu iko kwenye tofauti kati ya tishu za mchangiaji na za mpokeaji, zile protini za HLA ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Kwa miaka mingi tulihesabu tofauti hizo kijumla: tofauti ngapi kwenye A, ngapi kwenye B, ngapi kwenye DR, ambayo ni majina ya aina za protini hizo. Siku hizi inawezekana kuzitazama kwa karibu zaidi, kwa kuhesabu vile vipande vidogo vya uso wa protini ambavyo kingamwili huvishika, na imeonekana kwamba wenye tofauti nyingi za namna hiyo kwenye DR na DQ ndio wanaoelekea zaidi kutengeneza kingamwili mpya dhidi ya figo. Kwangu mimi hiki ndicho kigezo chenye mantiki zaidi cha kuamua nani apunguziwe dawa na nani asiguswe, kwa sababu hakibadiliki na kinajulikana siku ya kwanza. Kwa uamuzi wa dawa ya kuanzia inayotolewa kwenye mshipa wakati wa upasuaji, tayari tunabagua kwa namna hiyo: mwenye hatari ndogo hupewa basiliksimabu, na mwenye kingamwili tayari, labda kwa sababu ya ujauzito, kuongezewa damu au figo ya awali, hupewa dawa kali zaidi inayofyeka seli T, yaani chembe za kinga zinazoshambulia figo. Cha ajabu ni kwamba baada ya ubaguzi huo makini wa siku ya kwanza, wote wawili huishia kwenye mpango ule ule wa miaka ishirini.

Sehemu nyingine ya jibu inabadilika kila mwezi, na hapo ndipo utafiti unaonivutia zaidi ulipo. Mwaka 1997 wanasayansi wa Japani waligundua kirusi kilichokuja kuitwa TTV, ambacho watu wengi duniani wanacho na ambacho hakijulikani kusababisha ugonjwa wowote. Kinga ndiyo inayokizuia kisiongezeke. Ukiishusha kinga, kinaongezeka, ukiipandisha, kinapungua. Kwa maneno mengine, kila mgonjwa wangu anatembea na kipimo cha kinga yake ndani ya damu yake mwenyewe. Wenye kirusi kingi huelekea kupata maambukizi, na wenye kirusi kidogo huelekea figo zao kukataliwa, na ndiyo maana huko Ulaya limeandaliwa jaribio la kitabibu la kupanga dozi ya takrolimasi kwa kufuata wingi wa kirusi hicho badala ya kufuata kiwango cha dawa peke yake. Si kipimo kikamilifu, kwa kuwa baada ya kubadilisha dozi kirusi huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango kipya, na mgonjwa ambaye figo yake inashambuliwa leo hana wiki hizo. Lakini angalau swali lililoulizwa ndilo hasa.

Kipimo cha pili hutafuta vipande vya DNA ya mchangiaji vinavyoelea kwenye damu ya mpokeaji. Seli za figo zinapokufa huachia DNA yake, na kwa kuwa ni ya mtu mwingine, maabara inaweza kuitofautisha. Ikizidi asilimia 1 ya DNA yote inayoelea, kuna sababu ya kushuku kwamba figo inaumia, hasa kwa mashambulizi ya kingamwili. Kipimo hiki hakisemi figo inaumizwa na nini, wala hakiondoi haja ya kuchukua kinyama cha figo kwa sindano na kukitazama kwa hadubini, kwa vigezo ambavyo wataalamu walianza kuviweka pamoja mwaka 1991 katika mji wa Banff, Kanada. Ninachokipendea ni kwamba humpa daktari ujasiri wa kupunguza dawa: tukipunguza, tukapima tena na figo ikawa kimya, tunaweza kuendelea.

Kuhusu kuacha dawa kabisa, wapo watu wachache walioacha na figo zao zikaendelea kufanya kazi, na mwaka 2008 kituo kimoja cha Boston kilichapisha habari za wagonjwa watano waliopewa figo pamoja na uboho wa mifupa wa mchangiaji yule yule, ambao wanne kati yao waliweza kuachishwa dawa zote. Ni matokeo makubwa. Hata hivyo, kila mwaka hukutana na mtu aliyesoma habari kama hizo akaacha vidonge kimyakimya, na wengi wao hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Walioachishwa waliandaliwa kabla ya upasuaji na kufuatiliwa kwa karibu sana; aliyeacha peke yake hakuandaliwa kwa lolote.

Yapo pia mambo ya mgonjwa mwenyewe ambayo si ya kinga wala ya dawa. Mwanamke anayetaka kuzaa ni lazima aachishwe mikofenoleti walau wiki sita kabla ya kushika mimba, kwa sababu humdhuru mtoto tumboni, na mara nyingi huhamishiwa kwenye azathioprini. Mzee wa miaka sabini ana kinga ambayo umri umeshaipunguza, na maambukizi yanamtishia zaidi kuliko kukataliwa kwa figo. Aliyepata kisukari baada ya kupandikizwa anaweza kufaidika na belatasepti, inayotolewa kwa mshipa mara moja kwa mwezi bila kupandisha sukari na bila kuichosha figo, lakini asipewe kabla ya kuthibitishwa kwamba ameshawahi kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr, kwa kuwa kwa asiyewahi kuambukizwa hatari ya saratani ya tezi za limfu ni kubwa.

Na kuna swali moja ambalo hujibiwa na mgonjwa peke yake: unaogopa nini zaidi? Nimewasikia watu walioishi na mashine kwa miaka mingi wakisema kwamba wako tayari kupata maambukizi, kisukari na chochote kile ili mradi wasirudi kule. Nimewasikia wengine, hasa waliokwisha kutibiwa saratani ya ngozi, wakisema kinyume kabisa. Watu hao wawili wakiwa na takrolimasi ya 7, sioni sababu ya wote kubaki kwenye 7. Fomu tunazojaza hazina nafasi ya jibu hilo, kwa hiyo huliandika pembeni ya mstari wa dozi, ili daktari alisome kabla hajabadilisha chochote.